Kiwanda cha nyuzi za poliesta Mombasa: tuunge mkono ushuru, na akiba yetu tuiweke?

*"Salaam aleikum, mhandisi. Mimi ni katibu wa chama cha mafundi cherehani hapa Changamwe. Kazi yetu kubwa ni sare za shule na za walinzi, na kitambaa tunachoshona karibu chote kina poliesta na kinatoka nje. Tumealikwa kutoa maoni kuhusu namna ya kuvutia wawekezaji watengeneze nyuzi za sintetiki hapa nchini. Baadhi ya wanachama wanataka tuunge mkono ushuru mkubwa kwa nyuzi na uzi wa nje. Wengine wanasema kiwanda cha mafuta tunacho hapa hapa Changamwe na mafuta yako Turkana, kwa hivyo kinachokosekana ni nia tu. Wazee nao wanahofia poliesta itawamaliza wakulima wa pamba wa Lamu na Kilifi. Isitoshe, kuna dalali ametuletea mpango wa mtambo wa kugeuza chupa za plastiki kuwa nyuzi, anataka tuweke akiba yetu ya shilingi milioni 8. Tuseme nini kwenye maoni, na pesa tuziweke au tuziache?"*

Waleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza maswali mawili kwa pamoja, moja la taifa na moja la mfuko wa chama, na ni muhimu kuyatenganisha. Nchi kuhitaji nyuzi, yaani zile nywele nyembamba ambazo msokotaji huzisokota kuwa uzi, ni jambo moja. Mtambo wa dalali fulani kulipa ni jambo jingine kabisa, na wenye kuuza mitambo hupenda mkiyaona kama jambo moja.

Msimamo wangu ni huu. Kenya inafaa kuvutia uwekezaji wa nyuzi za sintetiki, lakini ianze kwa mnunuzi wa kitambaa na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye nyuzi. Kuanza kwa ushuru kutawaumiza ninyi kabla hakujamleta mwekezaji hata mmoja. Na zile milioni 8, kwa mpango ulivyo sasa, msiziweke.

Nianze na hofu ya wazee, maana ni hofu ya haki. Pitia Mtaa wa Biashara uangalie vinavyoning'inia madukani: mabuibui, mitandio ya shifoni, madera, sare, jezi za mpira. Poliesta imejaa kila upande. Duniani kote zaidi ya nusu ya nyuzi zinazotengenezwa kila mwaka ni poliesta, na pamba imebaki na kama moja ya tano. Kwa hivyo mkulima wa Mpeketoni anashindana nayo tayari, ila inayomshinda imetengenezwa China au India. Kiwanda cha hapa hakitaongeza shindano hilo kwa kiasi cha maana.

Tena kuna upande ambao wazee hawajaelezwa. Kitambaa kizuri cha shati la shule huwa mchanganyiko, mara nyingi poliesta asilimia 65 na pamba 35. Chomoa uzi mmoja kwenye shati la sare, uushike kwa kibano na kuuwasha. Pamba hushika moto haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, kisha huganda kuwa kidonge kigumu cheusi. Uzi wa sare utakuonyesha yote mawili. Msokotaji anayetengeneza uzi huo anahitaji marobota ya pamba na ya poliesta kwa pamoja, na akipata poliesta ya uhakika karibu naye, ana sababu ya kutafuta pamba ya karibu pia. Kilichomwangusha mkulima wa pamba Kenya ni malipo yaliyochelewa, majineri (viwanda vya kuchambua pamba) yaliyofungwa, soko lililofunguliwa mwaka 1991 bila maandalizi, kisha mitumba. Pahali poliesta inamtoa kabisa ni kwenye leso, yaani kanga. Leso ya poliesta tupu haifyonzi jasho, na kwa joto letu la Januari hilo si jambo dogo. Mkiandika maoni, semeni wazi kwamba mnataka nyuzi za kuchanganya na pamba.

Sasa hoja ya Turkana na kiwanda cha Changamwe. Naisikia sana na naelewa inakotoka, lakini haisimami. Kiwanda kile kilianza mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Siku hizi kinatumika kuhifadhia. Hata kilipokuwa hai kilitoa petroli, dizeli, mafuta ya taa na mafuta mazito. Poliesta haitoki moja kwa moja kwenye hayo. Inatokana na vitu viwili: asidi ya tereftaliki, ambayo hutengenezwa kutokana na paraksilini, na glikoli ya ethilini, ambayo hutokana na gesi ya ethilini. Kila kilo ya poliesta hula kama gramu 860 za hiyo asidi na gramu 340 za glikoli. Kinachozidi hutoka kama maji wakati viwili hivyo vinapoungana. Kupata paraksilini na ethilini kunahitaji mitambo mingine mikubwa ambayo Changamwe haikuwahi kuwa nayo.

Ukubwa ndio unaouma zaidi. Kiwanda cha kisasa cha asidi hiyo hujengwa kutoa tani milioni moja au zaidi kwa mwaka, maana chini ya hapo bei yake haiwezi kushindana. Tani milioni moja zingetosha kutengeneza zaidi ya kilo 20 za poliesta kwa kila Mkenya, mtoto kwa mzee, kila mwaka. Hatuna viwanda vya kusokota wala vya kufuma vya kumeza mzigo huo. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa mwaka 2012, na shehena ya majaribio ikaondoka bandari yetu Agosti 2019. Hata yakianza kutiririka kwa wingi, hayabadilishi hesabu hii. Nyuzi hufuata viwanda vya nguo, na viwanda vya kemikali hufuata nyuzi. India ni mfano mzuri. Kampuni ya Reliance ilifungua kiwanda cha kufuma huko Naroda mwaka 1966, ikaanza kutengeneza uzi wa poliesta Patalganga mwaka 1982 ilipokwisha kuwa na wateja, na kiwanda chake kikubwa cha kusafisha mafuta cha Jamnagar kikafunguliwa mwaka 1999. Walianza kwenye kitambaa wakarudi nyuma mpaka kwenye mafuta, na safari hiyo iliwachukua zaidi ya miaka 30.

Kwa hali yetu, mlango ulio wazi ni ule ambao dalali wenu ameugusa: chupa. Chupa ya maji na ya soda ni poliesta ileile ya shati lako. Huoshwa, hukatwa vipande, hukaushwa, huyeyushwa kwenye nyuzijoto kama 280, kisha husukumwa kupitia sahani ya chuma yenye mamia au maelfu ya matundu madogo sana, kama mashine ya tambi inavyosukuma unga. Vinavyotoka hupozwa kwa hewa, huvutwa virefuke ili viwe imara, hukunjwakunjwa ili vishikane, kisha hukatwa. Vikikatwa milimita 38 vinalingana na urefu wa pamba na vinaweza kusokotwa pamoja nayo. Vikiwa vinene zaidi, vyenye uwazi ndani na kukatwa kama milimita 64, ndiyo ile "pamba" nyeupe ya poliesta inayojazwa kwenye mito, makochi na mablanketi ya kitanda.

Kanuni ni rahisi kueleza. Kazi iko kwenye utekelezaji, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu ndipo pesa zenu zingepotelea.

Tuchukue mtambo mdogo wa kutoa tani 20 za nyuzi kwa siku. Ukinunua marobota ya chupa, usishangae robo ya uzito ikapotea: vifuniko, lebo, gundi, mchanga, maji yaliyobaki ndani, vumbi la kukatia. Kwa hivyo unahitaji karibu tani 27 za chupa kila siku. Chupa ya nusu lita ina uzito wa kama gramu 15. Piga hesabu: ni chupa milioni moja na laki saba na zaidi, kila siku ya Mungu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima ya Mombasa. Mtambo huo ungetaka zaidi ya chupa moja kwa kila mkazi kila siku, hata mtoto mchanga wa Kisauni, na zote ziokotwe, zisiende baharini wala motoni wala kwa mnunuzi mwingine. Mwulize dalali chupa zitatoka wapi. Akikujibu "taka ziko nyingi", hilo si jibu. Mnataka majina ya wauzaji, uzito wao wa kila wiki, na bei waliyokubali kwa maandishi.

Halafu kuna usafi. Lebo za chupa nyingine ni za PVC. Kipande kidogo cha PVC kikiingia kwenye poliesta ya moto huoza na kutoa asidi inayovunja minyororo ya plastiki. Nyuzi zinatoka na madoa meusi na kukatikakatika. Maji nayo hufanya vivyo hivyo. Vipande visipokaushwa mpaka unyevu ukawa karibu haupo, kama sehemu 50 katika milioni, nyuzi hudhoofika zikiwa bado ndani ya mashine. Kwa hewa yetu ya pwani, vipande vilivyokaushwa na kuachwa wazi godauni usiku kucha vimeshakunywa unyevu. Mtambo wa bei nafuu huwa umepunguziwa sehemu hizi hasa: wa kuchambua lebo na wa kukaushia. Ndiyo maana unakuwa nafuu.

Umeme ni jambo la tatu, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote kwa sera ya taifa. Mtambo wa kuyeyusha unatakiwa uende usiku na mchana kwa wiki nyingi bila kusimama. Umeme ukikatika, plastiki huganda ndani ya mabomba na kuziba ile sahani ya matundu. Kuirudisha kunataka kufungua, kuchoma na kusafisha, na nyuzi za mwanzo baada ya hapo ni taka. Kukatika kwa dakika chache kunaweza kula zamu nzima. Jenereta inaokoa, lakini dizeli inakula faida ambayo tangu mwanzo ni nyembamba. Maji ni vivyo hivyo. Chupa huoshwa kwa maji moto yenye magadi makali ya kaustiki, na sote tunajua shida ya maji ya mji huu. Maji machafu yake yakimwagwa kwenye mkondo wa Tudor au Port Reitz yataua mikoko na samaki wa watu. Mwekezaji asiye na mpango wa kuyasafisha na kuyatumia tena hafai kupewa kibali, hata akiahidi ajira ngapi.

Nirudi kwenye ushuru. Nyuzi hununuliwa na msokotaji, uzi hununuliwa na mfumaji, kitambaa unanunua wewe. Ushuru ukiwekwa huko mwanzo unateremka mpaka kwenye meza yako ya kukatia. Kwa mfano tu, tuseme kilo ya uzi inafika kwa shilingi 400. Ushuru wa asilimia 25 unaongeza 100. Sare ya mtoto ikila nusu kilo, ni shilingi 50, kabla ya mfumaji na muuzaji wa jumla kuweka faida yao juu ya gharama hiyo. Mzazi wa Mikindani hataongeza shilingi hizo kwa uzalendo. Atatafuta sare iliyoshonwa tayari nje, au mtumba.

Na ushuru huo hautawagusa wanaotumia kitambaa kwa wingi. Viwanda vya nguo vya EPZ, yaani maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, huingiza kitambaa bila ushuru kwa kuwa vinauza nje, na AGOA, sheria ya Marekani ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, tangu ilipoanza mwaka 2000, iliviruhusu kutumia kitambaa cha nchi yoyote kupeleka nguo Marekani. Mzigo wote utabaki kwa anayeshonea soko la ndani, yaani ninyi. Wanachama pia wajue kwamba viwango hivi ni vya Afrika Mashariki nzima. Tangu Julai 2022 vina ngazi nne: 0, 10, 25 na 35, malighafi zikiwa chini na bidhaa zilizokamilika juu. Huo ni mpangilio mzuri kwenu. Utetezi wenu uwe kwamba nyuzi na uzi usiotengenezwa hapa kwa kiasi cha kutosha vibaki chini kabisa, na kama kiwanda cha nyuzi kitakuja kuomba kinga, ipewe kwa muda unaojulikana na iondolewe kisipofikia ubora.

Kinachomleta mwekezaji wa kweli ni mnunuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 tayari inaruhusu upendeleo kwa bidhaa za ndani. Mashuka ya hospitali, sare za polisi, mablanketi: serikali ikitia saini ya miaka mitano na viwanda vya kufuma vya hapa, na ikalipa kwa wakati, msokotaji atanunua mashine, na mtengeneza nyuzi atamfuata msokotaji. Hilo la kulipa kwa wakati nalitilia mkazo, maana kiwanda kinaweza kufa kikiwa na oda mkononi.

Likizo za kodi zina nafasi yake, ila zinatukuzwa kupita kiasi. Katika maeneo maalumu ya kiuchumi, kwa sheria ya 2015, kodi ya kampuni ni asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na 15 kwa kumi inayofuata, na Dongo Kundu ni eneo la namna hiyo karibu na bandari. Lakini kodi ya faida haimsaidii asiye na faida. Tena bidhaa ikitoka eneo hilo kuja soko la ndani huhesabiwa kama imeingia kutoka nje, na kwa kiwanda kinachotaka kuwauzia wafumaji wa hapa hilo ni la kuuliza mapema. Sheria ya kodi pia imewahi kuwapa nafuu kubwa wanaowekeza nje ya kaunti za Nairobi na Mombasa, na Mariakani, mwendo mfupi tu kwa barabara, iko Kilifi. Sheria za fedha hubadilika kila mwaka, kwa hivyo msitegemee karatasi ya dalali. Ulizeni mshauri wa kodi hali ilivyo leo. Kwenye maoni ombeni jambo moja: masharti atakayoingia nayo mwekezaji yasibadilishwe katikati ya safari.

Sasa akiba yenu. Mtambo wa nyuzi pamoja na wa kuoshea, jengo, boila, transfoma na pesa za kununulia chupa miezi ya mwanzo ni kitu cha mamia ya milioni. Milioni 8 ndani yake ni hisa ndogo isiyo na sauti. Mambo yakienda vizuri mtasubiri miaka kuona gawio. Yakienda vibaya ninyi ndio wa mwisho kurudishiwa. Na huyo anayewashawishi kwa kawaida hulipwa kamisheni siku mashine inapouzwa, kabla haijatoa hata kilo moja.

Kama wanachama wana hamu ya kuingia kwenye biashara hii, kuna ngazi ya chini inayobebeka: kununua chupa kutoka kwa waokotaji, kuzichagua kwa rangi, kutoa lebo na vifuniko, na kuzifunga marobota. Mnahitaji mizani, mashine ya kufungia, godauni, na mnunuzi aliyesaini. Si kazi ya kutajirisha haraka, na bei ya chupa hupanda na kushuka na bei ya mafuta duniani. Lakini mkishindwa, mashine ya kufungia mtaiuza. Hata hiyo anzeni kwa sehemu ya akiba, isizidi robo. Mwenye kutaka kwenda juu zaidi kwa mtaji mkubwa, ningemshauri aanze na pamba ya mito kabla ya nyuzi za kusokota: haidai ubora mkali hivyo, mafundi wa makochi wako kila mtaa, na kwa kuwa ni nyepesi na hujaza kontena haraka, nauli ya kuileta kutoka Asia inampa mtengenezaji wa hapa nafuu kidogo.

Mkiwa bado mnafikiria mtambo ule, kuna ukaguzi ambao barua yangu haiwezi kuufanya. Tafuteni mhandisi wa nguo asiyelipwa na muuzaji. Idara ya uhandisi wa nguo ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na KIRDI, taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda, ni pahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Aende nanyi kuona mtambo ukifanya kazi, na robota la chupa zilizookotwa Mombasa lipelekwe lipitishwe humo mbele yenu, kwa sababu chupa safi za muuzaji hazitakuonyesha kitu. Mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, akadirie maji machafu na kibali. Wakili asome mkataba: malipo ya awali yanarudi vipi mashine isipofikia kiwango? Dalali akikataa lolote kati ya haya, au akiwaambia nafasi inafungwa Ijumaa, hapo mmeshapata jibu lenu. Na hata akikubali yote, mkutano mkuu usipige kura kabla ripoti ya mhandisi haijasomwa mbele ya wanachama.